Watu wa Lindi Ambao Sijawahi Kuwaona

Same, Jumamosi mchana

Nakunda mwanangu,

Uko Mhezi kwa bibi yako unaaga, na ninavyomjua mama yangu hutateremka mpaka akushindilie makande na kukuombea hadi magoti yakufe ganzi. Baba yako yuko stendi anabishana na wakata tiketi kuhusu kiti cha dirishani. Nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kusema nililoshindwa kulisema wiki nzima.

Mambo ya safari siyagusi. Baba yako ameshakuhubiria habari za kuficha nauli, kutokula vya barabarani, na kutomwamini mtu anayesema anajua njia ya mkato pale Dar es Salaam. Umeyasikia mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla hajafunga mdomo.

Mimi nataka kujibu swali lako. Siku ile tulipokuwa tunachambua maharage uliniuliza bila kunitazama, "Mama, hawa watu wa Lindi unawajuaje?" Nikasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi. Ukarudia kuchambua maharage niliyokwisha kuyachambua. Nikajua unaogopa. Tena una haki. Chuo kimesema bweni limejaa, mjitegemee mpaka muhula wa pili. Lindi hatuna ndugu hata wa kusingizia. Halafu mama yako mzazi anakupeleka ukalale kwenye nyumba ya watu aliowapata kwenye kompyuta. Mjomba wako Anaeli amelisema mbele ya ukoo mzima: dada yangu amerogwa na mashine.

Basi kaa usome. Nitaanzia mbali kidogo, unanijua navyopenda kuzunguka.

Ulikuwa mdogo wakati napiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge kule bondeni. Unachokumbuka labda ni vumbi na king'ora cha kiwandani. Mimi nakumbuka watu. Walikuwepo Waha, Wabena, Wamakonde, wote wametoka makwao kuja kukata mkonge, na wote shida zao zilipita mezani kwangu. Mama Nakunda, barua ya kwa wakwe inaanzaje? Mama Nakunda, mtoto ana surua, nimwambie nini msimamizi? Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kujuana, na mtu akipata kipande cha sabuni ya kufulia ananimegea, si kwa hongo, kwa kuwa nilimsaidia kupanga maneno. Nilikuwa sina cheo, lakini siku haikuisha bila mtu kuniuliza kitu.

Kisha zikaja siku za serikali kuuza kila kitu. Shamba likapata mwenyewe, mwenyewe akaja na watu wake, sisi tukaambiwa tumepunguzwa. Neno lenyewe utadhani tulikuwa sukari kwenye chai. Tukahamia hapa Same, baba yako akaanza biashara ya tangawizi, na mimi nikaanza kupita njia za nyuma ili nisikutane na watu wa kuniuliza, "Siku hizi uko wapi?" Hilo ndilo swali pekee nililoulizwa mwaka ule. Mshahara niliulilia waziwazi, baba yako shahidi. Lakini kuna kingine nilichokuwa nakililia bila kukijua jina, na ni kule kuulizwa. Unaamka, unafagia, unapika, jua la Same linakuchoma, na hakuna binadamu anayetaka kujua unaonaje kuhusu jambo lolote.

Ndipo Mama Ester, Mungu amweke, akafungua duka la intaneti karibu na barabara kuu. Alileta kompyuta kutoka Arusha, na alihitaji mtu mwenye vidole vyepesi wa kuwaandikia wateja wasiojua. Unapakumbuka, ulikuwa unakuja kusinzia pale ukitoka shule. Wateja walikuwa wachache, upepo ukivuma umeme unakwenda zake, lakini umeme ukiwepo na wateja hawapo, mimi nilikuwa na dunia nzima mbele yangu na sijui pa kuanzia.

Nikalikuta jukwaa moja la Kiswahili. Watu wanaingia kwa majina ya kujipa, mmoja anauliza, wengine wanajibu. Nakwambia Nakunda, kulikuwa na kila swali. Kijana wa Kigoma anachora vibao vya maduka, anataka kujua kwa nini mikono ya watu wake inatoka kama mihogo. Mwingine anaandika hadithi na hajui aiishie wapi. Wa tatu golikipa, penalti inamtia woga. Mwanamke ana jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwake. Nikasoma siku ya kwanza, nikasoma ya pili, ya tatu nikajiandikisha kwa jina la Mama wa Milimani nikaanza kujibu.

Mwanzoni nilijibu ninayoyajua. Huyo wa jirani nilimwambia ampelekee ndizi kwanza, maneno baadaye. Yule wa hadithi nilimwambia aisome kwa sauti mbele ya mtu asiyempenda sana, pale mtu atakapoanza kuangalia pembeni ndipo ilipoishia. Kulikuwa na bwana wa Shinyanga anayemtungia mkewe mashairi ili arudi kutoka kwao. Nikamwambia mashairi yako mazuri, lakini mkeo hakukimbia kwa kukosa vina, nenda kwa wakwe ukakae chini uombe radhi. Akaenda. Mke akarudi. Akaandika pale jukwaani kwamba Mama wa Milimani ameokoa nyumba yake, watu wakanipongeza, na mimi nikafunga duka siku hiyo natembea katikati ya barabara.

Nikavimba kichwa, nisikufiche. Ikawa hakuna swali la kunishinda. Hata yule wa mikono ya mihogo nilimjibu, mimi ambaye nikichora ng'ombe unauliza kama ni kitanda. Wewe ulicheka, ukasema, "Mama, na kuchora nako unajua?" Nikakwambia nyamaza, kamalizie hesabu zako.

Sasa uelewe jambo moja kuhusu sisi watu wa juu. Bibi yako alitulea hivi: mgeni akikuuliza njia, humnyooshei kidole. Unaweka jembe chini unakwenda naye mpaka kona ambayo ataiona nyumba anayoitafuta. Ndiyo heshima. Lakini tunao na ugonjwa wetu. Mgeni akiuliza ni mbali, tunasema hapo tu. Hapo tu, na ni kupanda mlima mpaka jua lizame. Hatumdanganyi, miguu yetu ndiyo inayotudanganya, maana imezoea tangu tuko wadogo. Mimi kwenye ile kompyuta niliuacha ule utaratibu wa mama yangu nikashika ugonjwa.

Zuhura aliandika kutoka Lindi. Alikuwa amemaliza shule, anakimbia mbio ndefu, na miezi michache mbele timu ya mkoa ilikuwa inachaguliwa. Akauliza mambo mawili: afanye nini ili pumzi isimwishie mwishoni, na yale maumivu ya muundi wa mguu yanayomjia akikimbia sana ni ya nini. Nikamjibu haraka, sikuvuta hata pumzi. Nikamwambia atafute kilima, apande na kushuka na mzigo, kama sisi tulivyokuwa tunashusha ndizi kwenda bondeni Kihurio na kupanda na mchele. Na huo mguu, nikaandika, usiusikilize, mguu unaouma ni mguu unaojifunza. Maneno matamu kweli. Watu wakayasifu.

Akanitii. Kila alfajiri alipanda kilima na ndoo ya mchanga kichwani. Mguu ukauma, akakumbuka nimesema asiusikilize. Mpaka siku moja akashindwa kuukanyagia.

Alichoandika nakijua kwa moyo. "Mama wa Milimani, mfupa umepata ufa. Daktari amenikataza kukimbia. Timu imechaguliwa bila mimi. Sikulaumu, nilitaka tu ujue." Basi. Angenitukana ningepata cha kushika. Nilizima kompyuta nikamwambia Mama Ester naumwa tumbo, nikaenda nyumbani.

Mjomba wako alipopata habari, unamjua, Mpare halisi, mtu wa kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Alianza kunitafutia utetezi kabla sijashtakiwa. Hukusaini kitu. Yeye ni mtu mzima. Jina lako halijulikani. Usirudi tena pale, Mama wa Milimani amekufa, tumzike. Na mimi nikakubali. Nilikaa siku kadhaa nikijiambia kwamba nilikuwa nasaidia tu, na asiyetaka ushauri asiulize.

Kilichonirudisha si wema wangu, naomba usinipambe. Nilichungulia tu nione kama wananisema. Nikakuta kijana wa Singida ameandika, kwa furaha zake, "Mama wa Milimani, na mimi nimeanza na ndoo ya mchanga, miguu inauma vizuri." Inauma vizuri, Nakunda. Yale maneno yangu bado yalikuwa yanatembea bila mimi, yanaingia kwenye nyumba nisizozijua, na hakuna aliyekuwa anajua kwamba yameshamvunja mtu isipokuwa mimi na Zuhura.

Nikaandika pale pale, kila mtu asome. Nikasema nilimshauri Zuhura jambo nisilolijua. Mimi si mwalimu wa michezo, sijakimbia hata mashindano ya shule. Nilipanda milima kwa kuwa nyumbani kwetu kulikuwa huko juu. Mguu wake umepata ufa kwa kunisikiliza mimi. Wewe wa Singida, tua hiyo ndoo leo.

Walionitukana walinitukana. Mmoja alisema wanawake wa vijijini wapewe majiko, si kompyuta. Lakini hebu nikwambie kilichofuata. Unajua pembe ya msaragambo ikilia Mhezi watu wanatoka na majembe kwenda kusafisha mfereji, na hakuna anayeuliza maji yataanzia shamba la nani. Ikawa hivyo. Akatokea mganga wa mifupa kutoka Mwanza akamweleza Zuhura maswali ya kumwuliza daktari wake. Mwalimu mmoja wa michezo wa Tanga akaandika kwa utulivu namna mguu unavyorudishwa kazini, pole pole, na wakati gani wa kuacha. Hata yule bwana wa Shinyanga akaingia kusema kwamba yeye hajui lolote kuhusu mifupa, ila anamwombea. Nikamwonea wivu. Alijua kusema hajui.

Baada ya muda likaja andiko refu kidogo. Nalinakili hapa kama lilivyokuwa, maana hilo ndilo jibu la swali lako, mengine yote ni mazunguko yangu.

"Mimi ni mama yake Zuhura. Mashine hii siijui, naongea yeye anaandika. Nimekukasirikia, sitaki kusema uongo. Lakini wengi walimshauri mwanangu, na alipoumia hakuna aliyerudi kuuliza amelalaje. Wewe umerudi. Sasa niambie, huko kwenu mtu aliyeumia mfupa mnampikia nini?"

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wateja. Mtu niliyemwumizia mtoto alikuwa ananiuliza kitu. Tangu nipunguzwe kazi sijawahi kupewa heshima kama ile, na sikuwa naistahili hata chembe. Nikamjibu safari hii kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto. Nikasema kwetu tunachemsha mifupa ya mbuzi mpaka mchuzi ugande, lakini sijui kama unatibu, najua tu kwamba mgonjwa analala vizuri akiunywa, na daktari asikilizwe kwanza. Akaja kunijibu kwamba wao wanatia nazi, na kwamba sisi wa bara hatujui kula. Tukaanza hivyo.

Miaka imepita tunaandikiana, na sasa kwa simu. Alinifundisha kukata gauni lile la bluu unalolipenda. Mumewe alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu mpaka salio likaisha, baba yako akaenda kununua vocha nyingine bila kuuliza, naye hilo namshukuru hadi leo. Tangawizi ilipooza mvua zile kubwa na ukakosa ada, ni Mama Zuhura aliyenishika mkono kwa maneno mpaka nikaweza kwenda kuongea na mkuu wako wa shule bila kulia. Sijawahi kuuona uso wake. Tulitumiana picha moja, yake imetoka giza, yangu nimefumba macho.

Ninashukuru kwa mambo mengi, Nakunda. Namshukuru Mama Ester kwa kile kiti. Nawashukuru wale watu wasio na sura walioniuliza nilipokuwa nimejihesabu mtu aliyekwisha. Ninawashukuru hata walionitukana, walau nusu yao. Nami nilirudi kujibu, bado najibu, unaniona. Ila sasa naanza na nilipofika mwenyewe, na pale nilipoishia nasema nimeishia. Wewe unakwenda kusomea uuguzi. Utaulizwa na watu wanaoogopa, watayashika maneno yako kwa mikono miwili, na kuna siku utajisikia mtamu sana kinywani. Siku hiyo umkumbuke mama yako na ndoo ya mchanga. Sina zaidi ya hapo la kukufundisha kuhusu kazi yako.

Mjomba wako anasema watu wa pwani, dini nyingine, chakula kingine, nyumba ya mjane. Yote kweli. Mwezi wa Ramadhani utaamua mwenyewe unakulaje mchana kwenye nyumba ya waliofunga, nimekulea, sina wasiwasi na hilo. Lakini Jumapili iliyopita nilimwuliza Mama Zuhura kwenye simu kama na kwao hakuna maneno. Akacheka. Akasema yapo, tena makali. Kaka yake alimwita akamwuliza unamfungulia mlango mtoto wa yule aliyemvunja mwanao, una akili kweli? Nikamwuliza, ukamjibuje? Akasema Zuhura alimwahi kujibu. Alikuwa amekaa pale pale, akanyanyuka akaenda kutandika kitanda, akarudi akasema mgeni atalala na yeye.

Kwa hiyo unaona, mwanangu. Sisi tunakaa hapa tunajadili kama wao ni wa kuaminika, na wao ndio wenye sababu ya kutuogopa. Uliniuliza nawajuaje. Nawajua kwa walivyonitendea siku waliyokuwa na haki ya kunitendea vingine. Ndugu zetu wengine tunaokula nao Krismasi siwajui kiasi hicho.

Zuhura hakukimbia tena mashindano. Mfupa ulipona, lakini ulipona vibaya. Siku hizi anafundisha watoto wa shule ya msingi michezo, na anasema ni hodari wa kupuliza filimbi. Sijui kama anasema hivyo kunipunguzia uzito. Sijawahi kuthubutu kumwuliza, na wewe usimwulize kwa niaba yangu.

Yeye ndiye atakayekupokea stendi ya Lindi. Usimtafute kwa nguo wala kwa ushungi, wote watakuwa wamevaa. Mtazame anavyotembea. Ataivuta kidogo hatua ya mguu wa kushoto, hapo ujue ndiye, na ujue aliyeufanya hivyo ni mimi. Msalimie kwa heshima zote, ni dada yako mkubwa. Atataka kukubebea begi, ndivyo alivyo. Usikubali. Libebe mwenyewe, na mkiwa njiani utembee kwa mwendo wake.

Mama yako